Joto la Zafarani

Ami Taimur alipotamka neno moto, nilikuwa nimeinama chini ya tumbo la farasi. Nikainuka ghafla, kichwa kikagonga mbavu zake. Zafarani hakushtuka. Ni farasi jike mwenye adabu kuliko jamaa zangu wengi, na siku ile angekuwa na haki ya kukasirika, maana yeye ndiye aliyekuwa akizungumziwa.

"Jumamosi namwita yule bwana wa chuma," ami akasema. "Amchome mguu, apumzike, mwakani atakimbia."

Tulikuwa bandani Bawshar, mjini Maskati, nyuma ya nyumba yake, na jamaa kadhaa wamesimama kando. Ami Taimur ni ndugu wa marehemu baba yangu, na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya farasi wa ukoo wetu: yeye ndiye anayenunua, ndiye anayeuza, ndiye anayeamua nani akimbie na nani abaki. Mimi ni Khole, daktari wa wanyama, nina kliniki Qurum. Ami akiniita daktari, hulitamka neno hilo kama mtu anayemsifu mtoto kwa kufunga viatu vyake mwenyewe.

Huo moto wake si maneno tu. Chuma huwekwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, halafu hubandikwa juu ya mguu unaouma, mstari baada ya mstari. Wazee wanaamini kinaita damu mpya. Mimi naamini kinaongeza maumivu juu ya maumivu, na nimelisema hilo katika kila kikao cha familia, hata kile cha kujadili mahari ya binamu yangu Hind, ambapo hakuna aliyeniuliza.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Zafarani alianza kufupisha hatua ya mguu wa mbele wa kushoto. Hakuwa anachechemea wazi wazi, alikuwa anaubania ule mguu, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni. Na Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya ardha.

Kwa asiyeijua ardha: farasi wawili huja mbio ubavu kwa ubavu, wapandaji wameshikana mikono, halafu mbio zikipamba moto wote wawili husimama wima juu ya migongo ya farasi wao. Hapana kamba wala mkanda, ni mkono wa mwenzako tu. Farasi mmoja akikosea hatua, wanaanguka wote. Ndugu yangu Yaqdhan ndiye mpandaji wa Zafarani. Mwenzake ni Ghaith, jirani yetu, na farasi wake wa kijivu alizoea kukimbia na Zafarani tu. Walikuwa wamefanya mazoezi tangu msimu uliopita. Akichomwa Zafarani, ardha imekwisha kwa wote wawili, na mguu ule utabaki na makovu maisha.

"Ami, humchomi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nna kamera ya joto. Mguu ukiwa mgonjwa ndani, kamera itauona. Ukionekana, mlete bwana wako. Usipoonekana, chuma kirudi kwao."

"Umesema mbele ya watu," ami akajibu taratibu.

"Nimesema mbele ya watu."

Yaqdhan alinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Amenizoea, anajua kwamba hasira zangu hufika mahali kabla yangu mimi mwenyewe.

Kesho yake baada ya Alasiri nikaleta kamera. Kamera hii haipigi sura, inapiga joto linalotoka kwenye ngozi. Penye ubaridi panakuwa buluu, penye joto panakuwa rangi ya chungwa, halafu nyekundu, na penye joto kali panakuwa peupe kabisa. Joto peke yake halimtii mtu wasiwasi. Kinachotafutwa ni tofauti, kwa sababu miguu miwili ya mbele inatakiwa ifanane, na mmoja ukiwaka ilhali mwenzake umepoa, basi kuna jambo.

Nilifuata kila kitu nilichofundishwa. Nilimweka kivulini, nikazima feni, nikamfungua bandeji, nikampiga brashi, nikamwacha atulie. Nyuma yangu jamaa walikuwa wamekaa na kahawa na halwa kama waliokuja kutazama mpira. Picha ikaja kwenye kioo cha tableti. Mguu wa kulia ulikuwa buluu na kijani, mzuri, umepoa. Wa kushoto ulikuwa mweupe kuanzia chini ya goti mpaka juu kidogo ya kwato.

Hapakuhitajika daktari wa kuisoma. Hata bibi mmoja aliyekuwa anatafuta miwani yake alisema, "Masikini, unawaka."

Ami hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliweka kikombe chini, akatoa simu, akampigia bwana wa chuma palepale, akamwambia Jumamosi asubuhi. Halafu akanigusa bega. "Kamera yako nzuri, daktari," akasema, na nadhani kweli alimaanisha.

Nilirudi nyumbani Khuwair ya Kusini nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Niliona haya, na zaidi ya haya niliona huruma, kwa sababu nilikuwa nimemletea Zafarani shahidi, na shahidi akakitetea chuma.

Asubuhi kliniki, katikati ya paka mmoja na mwingine, nilizifungua zile picha kwenye kompyuta. Nilizitazama kwanza kwa uchungu, halafu kwa udaktari. Kuna kitu hakikukaa sawa. Kano iliyovimba ina umbo lake; joto hupanda na kushuka pamoja na kano, kwa nyuma ya mguu, na hufifia polepole pembezoni. Hili joto lilizunguka mguu mzima. Chini ya goti lilikatika ghafla, kama rangi ya ukuta inapokomea. Na kwa upande wa nje kulikuwa na mistari minne iliyolala sambamba, mmoja mfupi kuliko mingine.

Nikaweka mkono wangu juu ya kioo. Vidole vyangu vinne vikakaa juu ya mistari minne.

Mwenye paka aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia paka wake hana kitu, amenenepa tu, nikafunga kliniki.

Bandani nilimkuta Ghaith peke yake, anamlisha farasi wake wa kijivu. Ghaith ni mtu wa bara ya Oman, kwao hakuna aliyewahi kuishi Afrika, na Kiswahili chake amekiokota uani kwetu pamoja na chapati. Nikamuuliza kama amemwona mtu akimpaka kitu Zafarani mguuni.

"Sijamwona mtu," akasema. "Lakini farasi wenu siku hizi ananukia pilau. Nikafikiri ndio desturi yenu nyinyi Wazinjibari."

Niliinama nikaunusa mguu. Sikusikia chochote, na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, kosa ambalo daktari mwingine yeyote wa Maskati asingelifanya. Nyumbani kwetu karafuu iko kwenye chai, iko kwenye kabati la nguo, iko kwenye jino linalouma, iko kwenye nywele za mama. Nimezaliwa ndani ya harufu hiyo. Kwangu mimi karafuu hainuki, ni hewa.

Mama yangu, Bi Balqees, nilimkuta jikoni anachambua mchele. Alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa msichana, na kila maradhi ya dunia anayagawa mafungu mawili: yanayopona kwa mafuta ya karafuu na yanayopona kwa mafuta mengi zaidi ya karafuu.

"Mama, unampaka nini Zafarani?"

"Nampaka vizuri tu." Hakuinua macho. "Mafuta yale ya Pemba alonletea shoga yangu Sayyida. Alfajiri nikenda na Yaqdhan, yeye huko anatayarisha tandiko, mie namsomea mnyama wangu, nampaka, namchua. Mguu unamuuma, nimuache?"

"Na hukunambia."

"Hukunuliza. We ulikuwa unagombana na ami yako."

Nikavuta kiti, nikamweleza. Mafuta yale ni makali, yanapasha ngozi, yanaita damu juu. Kamera ilipotazama mguu haikuona ugonjwa, iliona mkono wake. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, halafu akakifungua kiganja chake mwenyewe, akakitazama nacho.

"Kwa hiyo Jumamosi watamchoma kwa ajili ya mkono wangu," akasema.

"Hawatamchoma, mama."

"Usinipoze. Watamchoma?"

Nikamwambia tena hawatamchoma, ingawa sikuwa na uwezo wa kuahidi. Alikuwa analia bila ya sauti, na mchele umebaki kwenye ungo. Jioni ile alikuja mwenyewe Bawshar na sabuni na maji ya uvuguvugu, akauosha mguu wa Zafarani mara baada ya mara, akimwomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, asije mnyama akawa anafahamu kimoja tu.

Jumamosi asubuhi bwana wa chuma alikwishafika nilipoingia. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, amechuchumaa kando ya ukuta anapepea makaa. Vyuma vyake vitatu vilikuwa vimelala juu ya tofali. Yaqdhan alisimama karibu na Zafarani, mkono shingoni mwake, na uso wake ulikuwa umepauka.

Nikamweleza ami habari ya mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Khole, tulikubaliana," akasema. "Ulisema mwenyewe. Ukionekana, achomwe. Ukaonekana. Leo unanambia karafuu. Kesho utanambia nini, mdalasini?"

"Niache nipige picha mara moja tu, ami. Mguu umeoshwa."

"Umeshapiga."

Mama hajawahi kusema neno mbele ya wanaume juu ya mambo ya farasi. Siku ile alijitanda vizuri mtandio wake akasogea mbele. "Shemegi," akasema, "mwenye kosa mimi. Nimepaka mimi, na huyu mtoto hakujua. Kama kuna wa kuadhibiwa bandani humu, si mnyama. Mpe nafasi mwanangu."

Ami hakuwahi kumkatalia mjane wa ndugu yake jambo lolote, na hakuanza siku hiyo. Akamwashiria bwana wa chuma asubiri.

Nikapiga. Nikapiga tena, nihakikishe. Mguu wa kulia buluu na kijani. Mguu wa kushoto buluu na kijani. Niliziweka picha mbili pamoja nikazipitisha kwa kila mtu, na nikajizuia nisizungumze, jambo ambalo kwangu ni kazi ya sulubu.

Ami alizisogeza karibu na macho yake. Halafu akauliza swali la mtu aliyekua na farasi. "Basi mbona anaubania? Anaubania kwa raha zake?"

Lilikuwa swali la haki. Nikampa Yaqdhan tableti aishike mahali ninapoweza kuiona, nikaanza kupanda na kamera, kutoka goti kwenda begani, kutoka begani kwenda shingoni, kote kumepoa. Nikafika mgongoni. Nyuma kidogo ya bega la kushoto, pale tandiko linapolalia, kukatokea doa jeupe. Lilikuwa dogo, mfano wa kibiriti, na lilikuwa na pembe nne. Nimeona vidonda vingi na uvimbe mwingi maishani mwangu, na sijaona hata mmoja wenye pembe nne.

Nikaweka dole gumba juu ya lile doa nikabonyeza kidogo. Zafarani akauzamisha mgongo wote na kurudisha mguu wa kushoto nyuma.

"Leteni tandiko," nikasema.

Tandiko la ardha ni zito, la sufu na ngozi ya kondoo, limeshonwa mashada mekundu pembeni. Nilipitisha kiganja upande wa ndani, na chini ya bitana nikagusa kitu kigumu. Nilitaka kuuliza ni nani mwendawazimu aliyeshona chuma ndani ya tandiko. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikamwona ami uso wake umebadilika.

"Hiyo hirizi," akasema. "Ya mama yangu. Niliishona mie."

Akaeleza akiwa anaitazama ardhi. Mwanzo wa baridi Zafarani alipendeza mno, kila mgeni aliyeingia akawa anamsifu, huyu shingo yake, yule macho yake, na hata mmoja hakusema mashallah. Akaogopa. Hakutaka kumwambia mtu, kwa sababu hirizi ikishajulikana hubakia pambo la fedha tu. Akakaa na sindano mwenyewe, mzee mzima mwenye macho mabovu, akamshonea.

Akachukua kisu kidogo cha kukatia halwa akaikata mishono mmoja mmoja. Likatoka kasha la fedha, dogo, la pembe nne. Akalifuta kwenye kanzu yake ya dishdasha akalitia mfukoni. Kisha akaenda kwa Zafarani akamwekea paji la uso wake kwenye shingo, akakaa hivyo, na sisi tukatafuta vitu vingine vya kutazama.

Alipogeuka alimwambia bwana wa chuma, "Zima makaa, ndugu yangu. Karibu kahawa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema asubuhi ile, mengine niliyatunza tangu chuo kikuu. Niliyameza karibu yote. Nikamwambia ami tu kwamba siku nyingine akitaka kumkinga farasi, amsomee sikioni na amwachie mgongo. Akasema, "Inshallah, daktari," na mara hii neno lilitoka zima.

Siku zilizobaki hatukumtia tandiko kabisa. Nilimpiga picha kila asubuhi kabla ya kazi, na familia nzima ikawa inaingoja kwenye simu. Doa lilikuwa jeupe likawa jekundu, likawa la chungwa, likafifia, mpaka asubuhi moja mgongo wote ukawa wa rangi moja. Yaqdhan alimtembeza, akamkimbiza taratibu, hatua za mbele zikalingana. Alirudi bandani akanikumbatia akiwa ananuka jasho la farasi, na yeye si mtu wa kukumbatia. Mama akamshonea tandiko jipya kwa mkono wake, na Ghaith akapewa kazi ya kulinusa.

Ijumaa uwanja ulijaa. Magari yamepangwa mpaka barabara kuu, watoto mabegani mwa baba zao, wapandaji wanapita polepole wakiimba sifa za farasi wao, mapambo ya fedha yanalia vifuani mwa wanyama. Mimi nilisimama kwenye uzio na mama. Sikuwa na kamera. Hapakuwa na kitu cha kupima tena, ila kuona.

Wakatoka mwisho wa uwanja, Zafarani kulia, wa kijivu kushoto. Kwanza niliwasikia kwa miguu kabla ya kuwaona kwa vumbi. Wakashikana mikono. Nikahesabu hatua za Zafarani kwa masikio, kila kwato inaanguka mahali pake, haubanii, hasiti, anakimbia kama anayejua kuwa njia yote ni yake. Yaqdhan akaweka unyayo mmoja, akaweka wa pili. Ghaith naye. Wakainuka pamoja.

Walipita mbele yetu wamesimama wima, mikono imefungana katikati, vilemba vinapepea, na ndugu yangu alikuwa anacheka. Nimemjua maisha yake yote na sijapata kumwona akicheka namna ile, mdomo wazi, kama hana mwili. Zafarani alinyoosha shingo akaongeza mbio bila ya kuambiwa. Uwanja ukasimama. Mama akapiga vigelegele vya Unguja, vile virefu visivyokata, na mimi niliyezoea kupiga kelele za hasira tu nikapiga naye mpaka koo likakauka. Machozi yananitoka, sikuyafuta. Pembeni yetu ami alikuwa ameinua bakora yake juu, anasema mashallah, mashallah, mashallah, ili asibaki mtu hata mmoja uwanjani ambaye hajamsikia.

Habari ya kamera ilienea usiku uleule, sijui kwa simu za nani. Kesho yake asubuhi nilipokata kona kwenda bandani nilikuta magari ya kubebea farasi yamepanga mstari mpaka nje ya njia. Watu niliowajua na nisiowajua, kila mmoja na mnyama wake. Mbele ya lango alisimama ami Taimur na bakora, anatoa amri kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Miguu ioshwe kwanza. Hapana mafuta, hapana dawa, hapana hina. Mwenye kitu kwenye tandiko akitoe hapa mbele yangu, hakuna wa kumcheka. Farasi akae kivulini mpaka daktari aseme."

Nilifanya kazi mpaka mgongo ukaniuma. Karibu na Adhuhuri niliinua kichwa kuona wangapi wamebaki, nikamwona ami mwisho kabisa wa mstari. Alikuwa amemshika dume lake la zamani, yule anayemlisha kwa mkono wake, ambaye hajaruhusu mganga wala daktari yeyote amguse. Mnyama ameoshwa, miguu inameremeta.

"Ami, njoo mbele," nikamwita. "Banda lako hili."

Akatikisa kichwa. "Hawa wamenitangulia," akasema, akabaki palepale na hatamu mkononi, anangoja zamu yake.